Sifuti Mpaka Nipime

Ukiingia wadi ya wazazi ukakuta sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga, ujue humo ndani kuna mtu wa aina ya Mama Povu, na ujue pia kwamba hapo ulipo mlangoni anakutazama viatu. Atakutazama viatu, atakutazama usoni, kisha atarudi tena kwenye viatu. Wengi huvivua wenyewe.

Jina la Povu alipewa wiki yake ya kwanza kazini, miaka ishirini na sita iliyopita. Aliachiwa korido nzima apige deki, akaona sabuni aliyopewa ni dhihaka, akajiongezea. Povu likatoka koridoni, likapita chini ya mlango wa ofisi, likamkuta muuguzi mkuu kavua viatu chini ya meza anajaza fomu zake kwa raha. Ukelele uliotoka humo ulisikika mpaka maabara. Mtu mwingine angefukuzwa siku hiyo hiyo, lakini korido ilipokauka ilikuwa nyeupe kuliko ilivyopata kuwa tangu jengo lijengwe. Muuguzi mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kumwaga sifa, alisema tu, "Huyu abaki. Ila sabuni apimiwe na mtu mwingine."

Akabaki. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Mume wake ni fundi cherehani, mpole, mtu wa ndiyo na hapana, na majirani husema maneno yote ya nyumba ile yalishachukuliwa na mkewe kabla yeye hajaamka. Chumba cha kujifungulia ndicho ufalme wake: vitanda vinne vilivyotengwa kwa mapazia ya kijani, sinki mbili, kabati la dawa, saa kubwa ukutani. Humo yeye huvaa aproni ya plastiki, glovu nene na mabuti meupe ya mpira, na kila mzazi anapojifungua yeye yupo, ndoo mkono mmoja, vitambaa mkono wa pili. Damu haimtishi hata kidogo. "Damu ni maji baridi tu," huwaambia wasafishaji wapya. "Ukiipeleka kwenye maji ya moto imekushinda, doa hilo utazeeka nalo."

Lakini kuna kitu alichokishika kuliko hata usafi, nacho ni sitara. Mwanamke anapozaa hana siri. Watu wanaingia na kutoka, taa inawaka, nguo hana. Mama Povu aliona kazi yake ni kumrudishia mwenzake heshima yake upesi. Mtoto akitoka tu, yeye huyo na kitambaa kikavu, huyo na shuka safi. Mzazi asilale kwenye damu yake! Ndugu wakiingia wamkute amefunikwa vizuri, kapendeza, anacheka. Wazazi walimpenda kwa hilo mpaka basi, na wengine walirudi kuzaa mara ya pili wakimuulizia yeye, siyo daktari.

Na hilo hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa na miaka miwili kazini wifi yake alipokuja kujifungua. Wifi huyu ni dada wa mumewe, na usidhani ni wale mawifi wa kuvutana na kusutana. Hawa walipendana tangu siku ya posa. Inasemekana dada mtu ndiye aliyekwenda kumchunguza binti, akarudi nyumbani akamwambia kaka yake, "Usipomuoa huyu, mimi nitahamia kwao." Kwa hiyo siku ile uchungu ulipomshika, hakutaka mtu mwingine. Alitaka wifi.

Alizaa vizuri kabisa, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mchana kweupe. Mkunga wa zamu alikuwa na wazazi wengine wawili wanaosukuma kwa wakati mmoja. Akawa anapita mbio, anafunua shuka, anaona kweupe, anasema "safi," anaondoka. Na kulikuwa kweupe kwa sababu Mama Povu alikuwa kazini. Wifi akinong'ona, "Wifi, nimelowa tena," yeye anajibu, "Usijali, mimi nipo," anavuta kitambaa kilicholoa, anakitupa kwenye ndoo ya maji na dawa, anaweka kikavu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara saba ndani ya saa moja, na shuka mbili, na sakafu kaipangusa. Mkunga aliuliza mara moja, akiwa anakimbilia kitanda cha pili, "Damu ikoje hapo?"

"Ya kawaida tu, sista."

Hakudanganya, masikini. Aliiona kidogo kidogo na kuifuta kidogo kidogo, na haikuwahi hata dakika moja kukaa mahali pamoja aione yote.

Kisha wifi akapiga miayo. Akaomba maji. Akasema anasikia baridi, na nje jua lilikuwa linachoma bati. Mama Povu akamfunika blanketi, akamtania kwamba uzazi umemfanya bibi kizee. Wifi hakucheka. Alipomtazama vizuri midomo ilikuwa imepauka na macho yanatazama dari bila kuona kitu. Hapo Mama Povu alipiga yowe ambalo mpaka leo wazee wa pale wanalizungumzia.

Aliyekuja wa kwanza ni mkunga mkuu, mama mrefu mkavu waliyemwita Bi Miwani. Alitia mkono tumboni, akakunja uso. Mfuko wa uzazi, ambao baada ya kuzaa unatakiwa ujikaze uwe mgumu, ulikuwa laini tepetepe. Akatazama kitanda, cheupe. Akatazama sakafu, inang'aa.

"Damu iko wapi?" aliuliza. "Mtu amekauka hivi, damu yake iko wapi?"

Mama Povu alinyoosha kidole kwenye ndoo.

Waliokoa roho. Kaka mtu, fundi cherehani, alitoa damu, na watu wanne wengine wakatoa. Lakini ilipofika jioni madaktari hawakuwa na njia nyingine ya kuizuia, wakauondoa mfuko wa uzazi. Yule binti wa kilo tatu na nusu akawa wa kwanza na wa mwisho.

Baada ya siku tatu Bi Miwani alimwita Mama Povu chumba cha kufulia. Alikwenda amejiandaa kufukuzwa, na ukweli ni kwamba alitamani afukuzwe. Bi Miwani hakupandisha hata sauti. Alitandaza kitambaa kikavu mezani, akamimina juu yake kikombe kizima cha maji. Kitambaa kikanywa yote, hata tone halikudondoka.

"Kimelowa sana?"

"Kiasi tu, sista."

"Hiyo ni robo lita. Wifi yako ulimbadilisha vitambaa vingapi?"

Mama Povu alihesabu kimoyomoyo, na alipofika saba akakaa chini kwenye sakafu yake mwenyewe.

"Mama akishapoteza nusu lita baada ya kuzaa, sisi tunatakiwa tuanze kukimbia," Bi Miwani alisema. "Huyu karibu lita mbili zimetoka na hakuna aliyekimbia. Kosa la kwanza ni letu. Tulipaswa kushika tumbo, tukatazama shuka. Hilo nitalisema mwenyewe huko ofisini. Lakini na wewe nisikilize. Mwili wa kijana unajikaza. Presha inakaa vizuri, anaongea, anacheka, halafu anaanguka mara moja. Kinachosema ukweli mapema ni damu yenyewe. Ukiificha, umetufumba macho."

"Nilikuwa namsitiri."

"Najua. Ndiyo maana naongea na wewe, sifokei."

Ninyi mnaopenda hadithi za watu kulia mwezi mzima, mtafuteni mwingine. Mama Povu alilia siku tatu, na ya nne, Jumatatu, alikuja kazini amebeba mizani ya jikoni kwake, ile ya kupimia unga, kaifunga kwenye khanga. Alipima kitambaa kikavu: gramu sabini. Kuanzia siku hiyo akaweka utaratibu wake. Vitambaa vya kabla ya mtoto kutoka, vyenye maji ya uzazi, vinaondolewa pembeni, havihusiki. Mtoto akishatoka, vinatandikwa vipya, na kila kimoja kikilowa kinapanda kwenye mizani, pamoja na mabonge ya damu, pamoja na kilichodondoka sakafuni. Unaondoa ule uzito wa kitambaa, na kila gramu inayobaki unaihesabu mililita moja. Jumla inaandikwa kwenye ubao mweupe juu ya kitanda, kwa tarakimu kubwa, hata mwenye haraka aione akiwa mlangoni.

Mwanzoni walimcheka. Walisema amefungua bucha. Bi Miwani akawatazama kwa juu ya miwani, kicheko kikaisha, na mwaka wa pili hospitali ikanunua mizani ya kazi hiyo. Mama Povu, aliyeishia darasa la saba, akawa anatoa hesabu kichwani kabla daktari mwanafunzi hajatoa simu mfukoni. Ukimharakisha afute anakujibu maneno matatu tu, na kila mkunga aliyepita pale anayajua: "Nimesema sifuti mpaka nipime." Haya, manne, kama na wewe ni mtu wa kupima.

Jambo moja tu hakuliweza. Hakumwambia wifi.

Alikusudia. Wiki ile ile alikwenda na maneno yake kayapanga, akamkuta wifi kajiegemeza ukutani ananyonyesha, na wifi akamshika mkono akasema, "Nakumbuka ulivyokuwa unanibadilisha. Hata mama yangu asingenifanyia vile." Mama Povu akajiambia atasema wiki ijayo. Wiki zikawa miezi, na mimi na wewe tunajua miezi inageuka nini. Bi Miwani akastaafu na siri yake. Ndugu wa upande wa mume wa wifi waliongea yao, wakahesabu wajukuu wa wenzao kwa vidole, na wifi akawa na jibu moja ambalo alilitoa akicheka: "Mwili wangu ndio mbovu, Mungu hakunipa wa kuzalia." Kila aliposema hivyo mbele ya Mama Povu, Mama Povu alikumbuka kitu jikoni.

Yule binti akakua. Kawa mwalimu wa chekechea, mcheshi, mrefu kama baba yake, kaolewa, na mwaka huu, ana miaka ishirini na minne, akaletwa wadi ya wazazi na mama yake asubuhi ya saa mbili, mimba ya kwanza. Ndiye huyo mtoto mmoja. Mama yake hana mwingine wa kumtazama duniani.

"Anti yupo?" ndilo neno lake la kwanza mlangoni.

"Nipo, mwanangu. Vua viatu."

Alijifungua saa nne na dakika kumi, mtoto wa kiume, na kelele alizotoa yule mtoto zilimfurahisha Mama Povu, maana mwisho alipata mtu wa kumshinda sauti. Mkunga wa zamu, dada mmoja mtulivu asiye na papara, alifanya yote inavyotakiwa. Alichoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akatoa kondo la nyuma, akalitandaza na kulikagua pande zote, halina kipande kilichobaki ndani. Mtoto akalazwa kifuani kwa mama yake. Bibi mpya akawa anapiga vigelegele vya chini chini, kwa adabu ya hospitali.

Mama Povu akapima cha kwanza. Mia moja themanini. Akaandika.

Damu haikuwa inamwagika. Ingemwagika kila mtu angeona. Ilikuwa inachuruzika tu, kimya kimya, ile ya kukufanya useme aah, kawaida. Akapima tena. Mia tatu na kumi. Akamwambia mkunga, mkunga akaja akasugua tumbo, likajikaza, damu ikapungua, akaenda kumtazama mzazi wa kitanda cha tatu. Dakika kumi hazijaisha, kitambaa kimejaa, na matone yameanza kudondoka ukingoni mwa mpira wa kitanda mpaka sakafuni, kwenye ile sakafu. Mama Povu aliweka kitambaa kingine chini, akakiacha kinywe, na mikono yake ilikuwa inamwasha kwa hamu ya kufuta.

"Wifi," bibi mpya alisema, "mbona mwanangu amelala kwenye damu?"

"Napima kwanza."

"Unapima nini? Mfute!"

Ni hapo pazia lilipofunguka na daktari akaingia, kijana mrefu wa haraka, mwezi wa pili tu pale. Alimkuta binti anacheka na mtoto wake, akatazama kipimo cha presha, akaridhika.

"Yuko vizuri huyu. Msafisheni apelekwe wadini."

"Dokta," Mama Povu akasema, "mizani inasema mia sita na ishirini."

"Mia sita?" Alitazama kitanda. "Haionekani kama..."

"Haionekani, ndiyo. Soma ubao."

Sasa huyu daktari nimsifu. Wapo ambao wangeuliza mfagizi anamfundisha nani kazi. Yeye alisoma ubao, akaona zile tarakimu zinavyopanda, akamshika binti mkono akahesabu mapigo: mia moja na kumi na mbili. Presha ilikuwa bado inajidai lakini moyo ulishaanza kukimbia. Akabonyeza kengele ya ukutani, na wadi nzima ikajua ile kengele maana yake nini.

Waliingia watu watano. Hakuna aliyepiga kelele, kila mmoja alikwenda mahali pake. Mkunga alitia mkono tumboni na safari hii alikuta mfuko umelegea na umesukumwa upande mmoja.

"Kibofu kimejaa," alisema. "Amekojoa saa ngapi?"

"Sijakojoa," binti akajibu. "Niliona aibu kuomba."

Aibu! Mama Povu alitaka kupiga ukuta. Mpira ukapitishwa, mkojo ukatoka karibu lita nzima, maana kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haupati nafasi ya kujikaza. Mmoja akafungua mshipa mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, dripu mbili. Dawa ya kukaza mfuko ikaingia kwenye dripu, na ile nyingine ya kusaidia damu igande ikafuata hapo hapo, maana hiyo inataka iwahi. Daktari akatazama kama kuna mahali pamechanika, hapakuwa. Damu ya kuongezea ikaagizwa maabara. Mkunga alisugua tumbo bila kupumzika, jasho likimtoka. Bibi mpya alipewa mjukuu ashike, na alisimama ukutani kamkumbatia, macho yamemtoka.

Mama Povu alipima. Mia nane na hamsini.

Binti alikuwa hacheki tena. Alisema, "Mama, nasikia baridi."

Neno hilo lilimtoa mama mtu akili. Alimgeukia wifi yake mbele ya wote.

"Wewe! Umesimama na vitambaa unavipima kama nyanya, mwanangu yuko uchi kwenye damu mbele za wanaume! Huyu siyo damu yako? Mimi ulinifuta mara saba! Saba, nilizihesabu, na nikawaambia watu kwamba nina wifi! Mtoto wangu amekukosea nini? Mfute!"

Mama Povu alikuwa na kitambaa kilicholoa mkononi, mbele yake mizani. Miaka ishirini na minne alikuwa anatafuta saa nzuri ya kusema, mahali pazuri, maneno laini. Akayasema pale, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, na machozi yanamtoka.

"Ndiyo, nilikufuta mara saba! Ndiyo maana huna kizazi, wifi! Nilikufuta nikaificha damu, mkunga akaja hakuona kitu, akaondoka. Mwili wako haukuwa mbovu. Ulikuwa mzima. Ni mimi. Na huyu sitamfuta mpaka nijue imetoka kiasi gani, hata ukinichukia mpaka kaburini!"

Mkono wa mkunga ulisimama nukta moja juu ya tumbo, kisha ukaendelea. Daktari hakuinua kichwa. Mtoto mchanga tu ndiye aliyelia.

Mama Povu aliweka kitambaa kwenye mizani kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Hakuthubutu kugeuka. Alisikia mjukuu akibembelezwa, sshh, sshh, kwa muda ambao saa ya ukutani ilisema ni nusu dakika, nayo saa ile hajawahi kuiamini tangu siku hiyo. Kisha akasikia sauti ya wifi nyuma ya bega lake, kavu kabisa.

"Nitakukasirikia kesho. Leo pima. Inasema ngapi?"

"Mia tisa na arobaini."

"Na kabla ya hiyo?"

"Mia nane na hamsini."

"Kwa hiyo imepungua mwendo."

"Imepungua mwendo, wifi."

"Pima tena."

Alipima tena. Mia tisa na themanini. Wifi mwenyewe akachukua kalamu akaandika ubaoni, mkono mmoja kashika mjukuu. Mkunga akasema mfuko unaanza kuitikia, anausikia unakaza chini ya kiganja, akaendelea kusugua. Elfu moja na tano. Daktari alihesabu mapigo, mia moja na nne. Damu ikaletwa kutoka maabara, wakaitundika. Kitambaa kilichofuata kilikaa robo saa nzima chini ya binti, hadi Mama Povu alipokivuta. Akakitazama, akakiweka, akasubiri namba itulie.

"Kumi na mbili," alisema. "Gramu kumi na mbili tu."

Mkunga akapapasa tumbo. Gumu, duara, mahali pake. "Imesimama," akasema, na ndipo alipokaa kwenye stuli akanyoosha vidole.

Daktari alisubiri nusu saa nyingine, akapima kila kitu tena, akaandika, akamgeukia Mama Povu. "Sasa unaweza kumfuta, mama."

"Sasa nafuta," Mama Povu akasema.

Alimfuta mtoto wa wifi yake taratibu, maji vuguvugu, kuanzia mapajani mpaka kwenye visigino, akambadilisha shuka, akamfunika mpaka kidevuni. Kisha akapiga deki, na siku ile aliipiga mara mbili. Wifi alikaa kitini upande wa pili wa kitanda, kamshika binti yake mkono.

Kesho yake alikasirika kweli. Alikuja nyumbani kwao saa tatu asubuhi, Mama Povu akiwa zamu ya mapumziko, akamtoa kaka yake nje na cherehani yake, akafunga mlango. Akaongea. Aliongea miaka ishirini na minne yote, hakuruka hata mmoja. Aliongea ya mama mkwe wake na vidole vyake vya kuhesabu. Aliongea usiku wote aliolala akiushika mwili wake na kuulaani. "Kunifuta siyo kosa, hukujua," alisema. "Kosa ni kuninyamazia! Nimeuchukia mwili wangu bure, na wewe unaniona, unakwenda jikoni!" Mama Povu, mtu wa maneno kuliko wote mtaani, hakujitetea hata kwa moja. Alisema "nisamehe, wifi" mara moja tu, mwanzoni, na baada ya hapo akasikiliza mpaka mwisho.

Ilipofika karibu saa sita wifi alinyamaza. Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akakaa.

"Nimetoka kumwona asubuhi," alisema. "Amekula. Ananyonyesha. Daktari amemwambia kila kitu chake kipo mahali pake."

"Namshukuru Mungu."

"Anasema anataka watoto wanne." Akainua vidole vinne hewani mbele ya uso wa wifi yake. "Wanne, wifi. Anapanga tu, kama mtu anayechagua kitambaa. Na anaweza."

Mama Povu akaushika ule mkono, na safari hii hakuna aliyekwenda jikoni.